Elisi ya 15 ku kanoti ya mbio? Jibu kwa ndugu wa Goma mwenye moteri ya 40

Ndugu mumoja wa Goma ameniuliza swali, nalifupisha hapa ili kila mutu afwate. Iko na kanoti ya fibre ya mita 7, moteri ya shevo 40 (nguvu za farasi) ile ya kuchanganya oili mu esansi, anapeleka batu 8 na mizigo yao kati ya Goma, Idjwi na Bukavu. Elisi yake, ile inazunguka mu maji na kusukuma kanoti, ni ya aliminiumu, mabawa 3, imeandikwa 11 1/4 x 13. Akifungua gazi yote kontaturu, ile inahesabu mizunguko ya moteri, inasoma turu 4300 kwa dakika, na kitabu ya moteri inasema inapashwa kufika kati ya 4500 na 5500. Meno ya kule chini mu mguu wa moteri yanapunguza turu mara 2. GPS ya telefone inamuonyesha km 31 kwa saa. Sasa rafiki yake anamuambia anunue elisi ya 15 ya inoksi, eti njo kanoti itaruka. Anauliza: ninunue?

Hapana ndugu, usinunue. Makuta ya ile elisi yaweke kwanza pembeni. Rafiki yako anakutakia muzuri lakini anakupeleka upande wenye moteri yako inakufia polepole, na kanoti yenyewe itaenda pole kuliko sasa. Wewe unahitaji kushuka, unatoka 13 unaenda 11, na mbele ya kununua hata ile 11 kuko bintu bibili bya kurekebisha byenye habiombi makuta mingi.

Tuanze na hizi namba maana batu wengi wanazisoma kinyume. Ya kwanza, 11 1/4, ni upana wa duara yenye mabawa yanachora, kwa pusi (inchi). Ya pili, 13, njo inaitwa pa: elisi ikizunguka mara moja, kama maji ingekuwa ngumu kama mbao, ingesonga mbele pusi 13. Donki batu wanafikiri 15 inasonga zaidi kuliko 13, basi ni mbio zaidi. Ingekuwa kweli kama moteri ingeendelea kuzunguka na turu zile zile. Lakini haiendelei! Kila pusi moja ya pa yenye unaongeza inakuangushia kama turu 150 mpaka 200. Weye uko tayari chini ya kitabu, uko 4300, ukiweka 15 utaangukia 3900 ao 4000, pale moteri inavuta kama Fuso yenye imepakia simenti na dreva anataka kupanda mulima wa Ngomo, kati ya Uvira na Bukavu, na vitesi ya 4. Inanguruma, inatoa moshi, haiendi. Na hii ya kuchanganya oili ukiilazimisha kufungua gazi yote na turu kidogo, joto inabakia ndani ya silinda, makaa inashika ku pistoni na ku segma (ringi zake), siku moja unaskia tak-tak-tak halafu kimya, na uko katikati ya ziwa.

Sasa juu ya nini moteri ya 40 inashindwa na elisi ya 13, wakati ile 13 labda njo ilikuja nayo mu kartoni? Hapa njo kiini ya maneno, na ni kitu yenye bauzaji karibu wote hawakuambie. Kivu yetu iko karibu mita 1460 juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi, na moteri inakula hewa mbele ya kula esansi. Hesabu yenye mafundi wanatumia ni kama 3% ya nguvu inapotea kila mita 300 zenye unapanda. Fanya hesabu: hapa kwetu inapotea kama 14 ao 15%. Moteri yako imeandikwa 40 ku kifuniko lakini mu maji ya Kivu iko na shevo kama 34. Ile elisi ya mu kartoni ilichaguliwa kwa mutu wa Mombasa ao Dar es Salaam, kule moteri inapumua hewa nzito ya bahari. Hata ya Uvira si sawa na yetu: Tanganyika iko karibu mita 770, karibu mita 700 chini ya Bukavu, na barabarani si mbali sana. Donki ukisikia mutu anakuambia "hii elisi niliitoa ku kanoti ya Uvira, ilikuwa inaenda mbio sana", mwamini, anasema ukweli. Ila ukweli ule ulibakia chini ya Ngomo.

Na hapa naongeza kitu kidogo ili usifikiri kila kosa ni ya mulima. Kupoteza 15% ya nguvu hakuangushi turu 15%. Elisi inakula nguvu haraka sana ikizunguka zaidi, kwa hiyo nguvu ikipunguka 15% turu zinashuka kama 5% hivi, tuseme 250 ao 300. Ile peke yake isingekuleta 4300. Ingine inatoka ku mizigo, ingine ku karibirateri (ile inachanganya hewa na esansi), na nafikiri ingine inatoka ku namna moteri imefungwa pale nyuma. Nitakuonyesha juu ya nini nafikiri hivyo.

Chukua turu zako 4300, gawanya na 2 ya meno, unapata 2150, ile njo elisi inazunguka kwa dakika. Zidisha na pa 13, halafu zidisha na 0,001524 (ile inageuza pusi kwa dakika kuwa km kwa saa), inakupa km 42,6 kwa saa. Ile ni mbio yenye elisi ingekupa kama maji haitelezi. GPS yako inasoma 31. Donki unapoteza 27%. Kuteleza kidogo ni lazima, bila ile elisi haisukumi kitu, lakini kanoti ya mbio yenye haina muzigo inateleza 10 mpaka 15%, yenye imepakia batu inaweza kufika 20 na hatushangai. 27 ni mingi. Ile inaniambia kanoti yako haijapanda muzuri juu ya maji, inalima, ao elisi inakula maji yenye kuchafuka na hewa. Ona, hata ungefunga elisi ya namna gani, ile 27 ingekufwata.

Basi kitu ya kwanza, ya bure: urefu wa moteri. Toa kanoti ku nchi kavu, chukua ubao ao chuma yenye kunyooka ya mita moja na nusu, ilaze chini ya kanoti pale katikati kabisa, ipite nyuma mpaka ku moteri. Angalia ile palaki bapa yenye iko juu kidogo ya elisi, ile batu wanaita palaki ya kavitasio. Moteri ikiwa imesimama wima, palaki inapashwa kuwa sawa na ule ubao, ao juu yake kidogo, kwa kanoti ya mbio mpaka santimeta 2 ao 3 juu. Ikiwa chini ya ubao santimeta 4, 5, mguu wa moteri unavuta maji bure, maji inarukia nyuma, unaona ule mukia wa maji unapanda nyuma ya moteri na unafikiri ni nguvu, kumbe ni esansi yako yenye inapanda mu hewa. Ku Kivu nakuta hii karibu kila mara, juu moteri ya mguu murefu, ile ya pusi 20, njo iko mingi ku soko, na mutu anaifunga ku kibao ya nyuma ya kanoti yenye ilikatwa kwa mguu mufupi wa pusi 15. Pale palaki iko pusi 5 chini! Hakuna elisi yenye itarekebisha ile.

Kuipandisha si kazi kubwa. Weka mbao ngumu chini ya pale inakaa, pandisha santimeta 2, jaribu, pandisha tena. Bisi za kushika na mukono hazitoshi, toboa upitishe bulo, na funga mnyororo mudogo wa kuishika ku kanoti, moteri ngapi ziko kule chini, na ziwa inafika karibu mita 480, hakuna mwenye atakuzamia. Ukipandisha angalia bintu bibili. Ile maji yenye inakojoa ku pembeni ya moteri ibakie na nguvu, ikipunguka umepita kipimo, rudisha. Na ukikata kona wakati uko mbio, moteri isiruke turu gafula na kulia. Ikilia vile ni hewa inaingia ku elisi kutoka juu, rudisha chini kidogo.

Ile kulia batu wote wanaita kavitasio lakini mara nyingi si yenyewe. Hewa ya juu kuvutwa chini ni kitu ingine, kavitasio ni maji yenyewe inachemka nyuma ya bawa juu elisi inaivuta sana, bila moto, na ile inakula chuma inaacha vitundu vitundu kama imetafunwa. Ukikuta bitundu ku mabawa yako niambie biko wapi, maana mara nyingi ni juu ya bawa yenye ilipinda ku jiwe na hukuinyoosha muzuri. Fundi akipiga bawa na nyundo kwa macho tu, pa inabadilika ku kila bawa, na pale elisi ya 13 inakuwa ya 13, ya 14 na ya 12 pamoja, moteri inatetemeka na weye unatafuta ugonjwa ku bujii (plagi).

Kama kanoti yako iko na kili, ule uti murefu wa katikati, yenye inatoka chini mpaka nyuma kabisa mbele ya elisi, ile pia inachafua maji, ikate ao iteremshe polepole ili iishe kama santimeta 30 mbele ya kibao. Kwa kanoti za mbao hii ni ugonjwa mukubwa, kwa fibre yako labda hapana.

Kitu ya pili, karibirateri. Hewa ni kidogo lakini giklere, ile katundu kadogo kenye kupitisha esansi mu karibirateri, inaendelea kumimina esansi ya kipimo ya bahari, donki moteri inakunywa mingi kuliko inaweza kuchoma. Toa bujii kisha kutembea gazi yote dakika kadhaa, uzime pale pale bila kupunguza polepole. Ikiwa nyeusi na imelowana, esansi ni mingi. Rangi ya kahawia ya mwanga, sawa. Ikiwa nyeupe, simama, hapo uko unachoma pistoni. Kitabu ya moteri nyingi iko na ukurasa wa giklere za mulima, unashuka namba moja, unajaribu, unasoma bujii tena, mbili kama inaomba, usiruke tatu kwa mara moja. Na tafadhali, kupunguza esansi si kupunguza oili! Oili mu esansi inabakia vile kitabu inasema. Nasema hii juu kuko batu wanachanganya maneno mabili haya na moteri inafunga. Kuko na jambo lingine: siku utauza kanoti yako kwa mutu wa Uvira ao Kalemie, mupe na giklere za zamani, maana akitembea kule na za huku atachoma moteri na atasema umemuibia.

Kwa wenye wanasoma hapa na wako na moteri ya ta nne (ile haichanganye oili mu esansi) ya injeksio, ile kompita yake inapima hewa na inarekebisha esansi peke yake, hamuna kazi ya giklere. Lakini shevo zenye zimepotea zimepotea, kompita haiongeze hewa. Hesabu ya elisi ni ile ile.

Sasa tunafika ku elisi. Kisha kupandisha moteri na kuweka giklere, pima tena na ile 13 yako, na batu 8, na mizigo, si kanoti mutupu. Watu wanajaribu elisi wako peke yao asubui maji ikilala, wanafurahi, wanaenda kununua, halafu siku ya kazi wanalia. Pima kuenda na kurudi pahali pamoja, juu upepo wa Kivu, sana sana mchana, unakudanganya, ukusanye mbio zote mbili ugawanye na mbili. Gazi yote nusu dakika inatosha ili turu zitulie. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Kontaturu ndogo ya kufunga ku waya ya bujii inatosha, ila hakikisha iko imepangwa kwa aina ya moteri yako, maana ikipangwa vibaya inaweza kuonyesha nusu ao mara mbili ya turu za kweli, na hesabu yote inaharibika.

Mupango wangu kwako ni huu: tafuta pa 11, mabawa 3, aliminiumu. Itakupandisha turu kama 300 mpaka 400 juu ya zile utakuwa nazo. Utaona elisi za pa ndogo ziko na duara kubwa kidogo, 11 5/8 ao hivi, ni sawa, ile inashika maji muzuri kwa muzigo, ila inakula turu chache zenye ulifikiri umepata. Tukichukua kwamba moteri imepanda na giklere ziko sawa, unafika kama 4800 ao 4900 umepakia. Tuchukue 4800 na kuteleza 18%: gawanya na 2, zidisha na 11, zidisha na 0,001524, unapata 40,2, toa 18%, inabakia km 33 kwa saa. Wewe utasema "km 2 tu?" Ndiyo, 2 tu ku mbio ya mwisho. Lakini kanoti itapanda juu ya maji haraka, itabakia juu hata ukipunguza gazi kidogo, na kule njo utaona esansi inapunguka, kwa mutu wa biashara ile ni kubwa kuliko mbio. Ninachotaka mimi ni ufike ku nusu ya juu ya kipimo, 5000 mpaka 5500, umepakia. Kama na 11 bado hufike 5000, kuko njia mbili, pa 10 ao batu 6. Mimi ningesema batu 6.

Juu ya hii naomba unisikie kidogo. Moteri ya 34 ku kanoti ya mita 7 na batu 8 na biloba, hakuna elisi yenye itaigeuza kuwa ya 60. Na sisi wote wa Kivu tunajua chenye kilitokea mbele ya Kituku, bandari ya Goma, tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024: mashua MV Merdi ilizama na batu ikitoka Minova, karibu tu na kufika. Muzigo kupita kipimo inaharibu hesabu ya elisi, ila ile ni shida ndogo kati ya shida zake. Majile ya kuelea kwa kila mutu, na ile kamba nyekundu ya kuzima moteri iwe ku mukono wako, si kufungwa ku moteri milele kama naona.

Ile pini ya kuinamisha moteri, wengi hawaigusi toka siku ya kufunga. Ukipakia, isogeze karibu na kanoti, pua inashuka na kanoti inapanda haraka. Ukiwa na muzigo kidogo, isogeze mbali tundu moja, pua inapanda na mbio inaongezeka. Ukiona kanoti inaruka-ruka kama chura hata maji ikiwa tulivu, umeisogeza sana. Na kabla ya pini, peleka muzigo muzito mbele kidogo, juu kanoti nyingi zinalima kwa sababu dreva, kidumu ya esansi na mama mwenye bidumu bya mawese wote wamekaa nyuma.

Inoksi? Ni muzuri, sikatai. Mabawa yake ni membamba na hayapindi, mutu wa mbio tupu anapata kidogo. Lakini bei ni mara kadhaa ya aliminiumu, na ku pwani ya Goma kuko mawe meusi ya lava makali sana, ile ya 2002 iliingia mpaka ndani ya ziwa. Aliminiumu ikigonga inakunjika, inoksi haikunjike, nguvu ya kugonga inapanda ku meno ya mguu, na meno ni bei ingine kabisa. Kwa mutu wa kupakia na kushusha batu kila siku pwani, aliminiumu. Mabawa 4 yanashika maji muzuri mu kona na mu mawimbi, yanasaidia kubakia juu na mbio kidogo, ila na pa ile ile turu zinashuka tena kidogo. Kwako bado, labda kisha.

Kabla hujanunua, angalia herufi ya mwisho ku elisi, kisha zile namba. Inaonyesha tundu na meno ya katikati ni ya moteri gani, 11 yenye herufi ingine haitaingia. Na hakikisha elisi ya sasa haitelezi ndani ya kauchu yake: chora mustari mumoja na rangi kutoka ku kichwa cha elisi mpaka ku chuma ya katikati, tembea umepakia, rudi uangalie. Mustari ukikatika, kauchu imekufa, na zile 27% zako huenda nusu yake iko pale.

Ile 13 usiuze. Na 11, siku uko peke yako na kanoti mutupu turu zinaweza kupita 5500, punguza gazi, ao funga 13 kama unaenda mbali bila batu. Siku zingine iweke mu kanoti pamoja na nati yake, pini mbili na ufunguo, juu jiwe la kwanza litakukuta siku yenye hakuna fundi pale Idjwi. Niandikie turu na km mbele na nyuma ya kila kitu, pamoja na urefu wa palaki, tuangalie.